Mashine Mpya ya Mume Wangu

Niseme kabisa tangu mwanzo: nilikuwa naona kinyaa. Si aibu, si huruma, kinyaa. Kile cha kukuta unywele kwenye ugali wakati tonge umeshalimeza. Watu wakisimulia habari za ndoa zao hupenda kusema walivumilia, wakasali, wakaelewa. Mimi nilisali, ndiyo, lakini nilisali nimekunja pua.

Mume wangu ni fundi wa mashine za boti. Kibanda chake kiko Kirumba, karibu na mwalo boti zinapotia nanga, na kwa zaidi ya miaka thelathini wavuvi wa visiwani wamekuwa wakimletea mashine zimekufa na kuondoka nazo zinanguruma. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nimebakiza miaka michache nistaafu. Tunaishi Buswelu, kwenye nyumba tuliyoijenga chumba kimoja kimoja, na watoto wote wameshaondoka. Halafu nina mdomo. Sikatai. Kwa sababu ya huo mdomo huwa naitwa kwenye kicheni pati kumfunda bibi harusi mtarajiwa. Buswelu, Mkolani, mpaka Kisesa huko wananijua. Simu zinakusanywa kwenye kapu mlangoni, mlango unafungwa, mwalimu anashika maikrofoni, na wanawake wanacheka mpaka wanaegemeana.

Sukari ilipompata mume wangu, mambo ya chumbani yakaanza kulegalega, na baada ya miaka miwili yakaisha kabisa. Sikulalamika. Nasema kweli mbele za Mungu, sikulalamika. Nilikuwa na miaka hamsini na sita, nimechoka na madaftari, na nilipenda tulivyokuwa: yeye amegeukia ukutani, mimi nagandisha miguu yangu ya baridi kwenye mapaja yake, yeye anaguna, tunalala. Aliyekuwa anahangaika ni yeye. Alikunywa mizizi, akanywa unga, akanywa dawa moja ya chupa iliyonuka mpaka nikaihamishia nje, dirishani mwa choo. Hakuna kilichobadilika, akaacha, nami nikadhani ameshakubali.

Kisha akaniambia anakwenda Dar kufuata spea. Alikaa karibu wiki mbili. Yeye na fundi mwenzake, anayechomelea vyuma kibanda cha pili, walikwenda pamoja. Nilishangaa siku ya kurudi, maana walirudi na ndege. Mtu ambaye maisha yake yote anapanda basi na kubeba chapati za njiani, leo ndege! Akaingia ndani anatembea ametanua miguu, hatua fupi fupi, na fundi mwenzake amemshika kiwiko.

"Ngiri, mama," akaniambia kabla sijauliza. "Ilinikamata hukohuko. Wamenipasua."

Niliamini. Nilimchemshia uji, nikampangia mito. Siku ya tatu alikuwa amesinzia, nikawa natafuta cheti cha dawa kwenye ule mfuko wake wa plastiki anamohifadhi vitabu vya mashine. Mume wangu hatupi kitabu cha mashine. Kila mashine aliyowahi kufungua, kitabu chake kipo, na pembeni ameandika kwa penseli maelezo yake mwenyewe. Katikati ya vile vitabu vyenye madoa ya oili nikakuta kimoja kisafi, chenye karatasi inayong'aa. Nikafungua. Mungu wangu! Nilidhani ni picha ya mashine, na kweli ilikuwa ya mashine, lakini ilikuwa imechorwa ndani ya mwili wa mwanamume. Mipira miwili mirefu, kifuko cha maji tumboni, na pampu ndogo imening'inia ndani ya mfuko wa korodani. Mishale kila mahali. Na pembeni, kwa penseli, mwandiko ninaoujua kuliko wangu: "Bonyeza hapa kujaza. Hapa kurudisha."

Nilimwamsha kwa kumpiga na kile kitabu begani.

"Hii nini?"

Akajifuta macho. "Ni mashine."

"Ya nini?"

"Yangu."

"Wamekuwekea hii? Ndani? Baba, una akili wewe? Na hukuniuliza?"

Akatazama ukuta. "Ningekuuliza ungesema nini?"

"Ningesema hapana!"

"Basi," akasema, akajifunika shuka.

Nilikisoma kile kitabu chote jikoni, kwa sehemu nilizozielewa, na nyingine akanifafanulia kwa sauti ya chini kama mtoto anayekiri kuvunja sahani. Kwamba ukibonyeza pampu, maji yanatoka tumboni yanakwenda mbele. Ukibonyeza kitufe, yanarudi. Kwamba huenda urefu ukapungua. Kwamba ncha inaweza kubaki ya baridi. Kwamba hisia ni zilezile alizokuwa nazo kabla, haziongezwi na chochote. Na kwamba njia ya zamani, ile aliyotupa Mungu, haipo tena, hata kama ingetaka kurudi yenyewe. Asiguse kitu mpaka wiki sita zipite.

Wiki sita. Kila mmoja wetu alikuwa anazihesabu kivyake. Yeye alihesabu kama mtu anayengoja mzigo wake bandarini. Mimi nilihesabu kama mtu anayengoja kung'olewa jino, maana siku hiyo ikifika nilitakiwa kulala na kile kitu, na sikujua kama nitaweza. Nikimtazama akijikuna chini ya kikoi, natoka nje. Niliwaza: nisipoweza, nitamwambia nini mtu aliyekubali kupasuliwa? Na tutaendelea kuitana mume na mke kwa lipi, wakati hata miguu yangu ya baridi nimeshaacha kuiweka kwake? Ndoa ya miaka thelathini na miwili, na nilikuwa nalala ukingoni mwa kitanda nikiogopa nisimguse kwa bahati mbaya.

Kilichonichefua zaidi ni wale mafundi. Ukisikia mgonjwa ametoka hospitali, unakwenda kumwona, hiyo ni desturi yetu na ni nzuri. Wenzetu wa jumuiya ya kanisani walikuja, wakasali, wakaacha sukari na sabuni, wakaamini ngiri, wakaondoka. Lakini mafundi wa Kirumba walikuwa wanajua. Walikuja wanne watano, na mikono yenye grisi, wakakaa kwenye makochi yangu yenye vitambaa nilivyofuma mwenyewe, wakaongea habari za mwili wa mume wangu kama wanaongea habari za mashine iliyoletwa kutoka Ukerewe.

Mimi niko jikoni nakaanga sato, nasikia kila kitu.

"Sasa inatumia oili?"

"Maji ya chumvi."

"Chumvi! Si itashika kutu?"

"Hakuna chuma humo. Ni mpira mtupu."

"Na pampu ikivuja?"

"Unafungua, unabadilisha."

"Unafungua!" akasema mwingine, na wote wakaguna kwa uchungu, halafu wakacheka.

Wakati wa kuondoka, yule mchomeleaji akanishika mkono kwa mikono miwili. "Hongera, shemeji. Hongera sana." Uso wake ulikuwa mzito, kama mtu anayetoa pole msibani. Nilivuta mkono wangu. Mwanamume mzima, baba wa watu, ananipongeza kwa kitu kilichoshonwa kwenye mapaja ya mume wangu! Nilinawa mikono kwa sabuni ya kufulia.

Alirudi karibu kila siku huyo. Asubuhi utamsikia getini akiamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, shemeji!" na mimi naitikia kwa meno. Wanajifungia chumbani wananong'ona. Siku moja nikapita na ndoo nikasikia mchomeleaji akisema, "Lakini fundi, wewe mwenyewe unajua. Mashine mpya hailazwi." Sikulitilia maanani. Mafundi wakikaa hawana maneno mengine.

Jumamosi ya wiki ya tatu nilikwenda sokoni. Kurudi na dagaa wangu kwenye mfuko, nyumba iko kimya. Nikaingia chumbani nikamkuta amesimama ameshikilia kabati kwa mikono miwili, jasho linamtoka mpaka kidevuni, kikoi kimeanguka sakafuni. Kitu kile kimesimama. Kimevimba, kimebadilika rangi, na bandeji ina damu. Mfuko wa dagaa ulinitoka mkononi.

"Umefanya nini?"

"Nimeiwasha kidogo tu."

"Umeiwasha!"

"Mama, mashine mpya ikilazwa wiki sita inashika. Lazima iwashwe mapema, taratibu, bila mzigo, vyuma vizoeane. Nimeiwasha bila mzigo."

Bila mzigo! Nilitaka kucheka, nikataka kumzaba kibao, yote kwa pamoja. Mtu huyu amewafundisha vijana wote wa mwaloni jinsi ya kuwasha mashine mpya, na kila aliyemsikiliza mashine yake imedumu. Sasa ameichukua hekima yake yote ya kibandani akaitia kwenye kidonda kibichi.

"Irudishe basi!"

"Nimebonyeza kila mahali. Haishuki. Mama, inauma."

Suruali haikuingia. Nikamfunga khanga yangu kiunoni, na juu ya khanga koti la mvua, jua kali linawaka, nikaita bajaji. Majirani walikuwa nje wanaanika mchele. Mmoja akauliza, "Ngiri tena?" Nikajibu, "Tena!" kwa sauti ambayo ilimfunga mdomo. Njia nzima kila bajaji ikiruka juu ya jiwe, mume wangu anataja jina la Bwana, na si kwa kusali.

Daktari aliyetupokea alikuwa kijana, angeweza kuwa mwanafunzi wangu wa darasa la nne. "Shikamoo mama." "Marahaba." Akafunua khanga, akatazama, akafunika. Hakucheka, namshukuru kwa hilo. Alimpigia simu daktari mwenzake wa Dar aliyefanya ile kazi, wakaongea wee, halafu akavaa glavu, akaingiza vidole viwili pale chini, akabonyeza na kushikilia, na mkono wa pili akakamua taratibu. Mume wangu akatoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia hata siku alipokatwa kidole na feni ya mashine. Kitu kikashuka.

"Mzee una bahati," daktari akasema. "Kidonda kimefunguka kidogo tu. Kingeingiwa na wadudu, tungetoa kila kitu, na kuweka tena ni vigumu." Akamwandikia dawa za kuchoma na za kumeza. Kisha akamwambia ashike pampu mwenyewe, kwa upole, aonyeshe anabonyeza wapi. Mume wangu akashika. Akapapasa. Akapapasa tena. Daktari akamwangalia vidole.

"Mzee, unaisikia pampu?"

Mume wangu akatikisa kichwa.

"Vidole vina ganzi tangu lini?"

"Mwaka jana," akasema mume wangu, akitazama dari. "Hata boliti ndogo siku hizi namwachia mwenzangu."

Hilo nalo sikulijua. Mtu naishi naye, nakula naye, vidole vyake vimekufa mwaka mzima na mimi sina habari. Lakini sikupata nafasi ya kulifikiria, kwa sababu daktari alishanigeukia na boksi la glavu.

"Mama, itabidi ujifunze wewe."

Nikavaa glavu. Akaniongoza vidole. Pale ndani ya ngozi laini, yenye joto, ambayo nimeijua tangu ujana wangu, kulikuwa na kitu kigumu chenye umbo, kinateleza, kama punje ya maharage iliyopotelea ndani ya foronya. Hapa pampu. Hapa kitufe, bonyeza, hesabu mpaka tano, usiachie. Nilihesabu. Nikavua glavu, nikatoka mpaka kwenye sinki la korido, nikatapika chai yote ya asubuhi. Dada wa usafi akaniangalia, akaniletea maji bila kuuliza.

Mchomeleaji hakukanyaga kwangu tena. Nilimpigia simu nikamwambia nitakayomfanya nikimwona, na nilitumia maneno ambayo mwalimu hatakiwi kuyajua. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Shemeji, sisi tulitaka apone," akasema. Nikakata simu.

Wiki sita zikageuka wiki kumi. Daktari akampima, akasema ruksa. Jumapili ile tulitoka misa ya pili, tukala wali na kuku, tukatoa vyombo. Ilikuwa saa nane mchana, jua limejaa chumbani hata baada ya kufunga pazia. Mume wangu alikuwa ameoga mara mbili. Amevaa singlendi mpya, nyeupe, bado ina mikunjo ya dukani. Ile singlendi ilinipa huruma kwa mara ya kwanza, na huruma ilidumu dakika moja hivi.

Nilibonyeza. Mara ya kwanza, mara ya pili. Yeye amelala chali, ametega sikio.

"Inajaa?"

"Inajaa."

"Ongeza mbili. Haitoi mlio?"

"Baba, nyamaza."

Sitaeleza yote. Itoshe kusema kwamba nilijilazimisha, nikafumba macho, na mwili wangu haukukataa kama nilivyoogopa. Kilichonishinda kilikuwa kingine. Kila nikifumbua macho namkuta ananikodolea uso, ametulia, anasoma, kama anavyotazama moshi wa mashine kujua kama inakula mafuta vizuri. "Vipi hapo?" "Iko sawa?" "Na hivi?" Nikasikia kile kinyaa cha wiki zote kumi kinanipanda kutoka unyayoni.

"Ondoka!" nikamsukuma. "Ondoka juu yangu! Mimi si boti ya kujaribia mashine!"

Akakaa pembeni ya kitanda, na kile kitu chake kimesimama vilevile, hakina habari kama tumegombana. Hicho ndicho kilichonitia kichefuchefu kuliko vyote: mwenyewe amesinyaa, mabega yameanguka, na mashine haijui.

"Wewe mwenyewe unasikia nini?" nikamuuliza. "Usiniulize mimi. Wewe."

Akafikiri. Ni mtu wa kujibu alichoulizwa. "Baridi," akasema. "Kwa mbele ni baridi. Kazi inafanya, naona inafanya. Lakini ni kama nimeazima kwa mtu."

"Sasa kwa nini? Ee? Kwa nini ulikwenda kukatwakatwa? Nani alikutuma? Mimi nilikuomba? Siku moja tu, niambie siku moja niliyokuomba!"

Nilikuwa napiga kelele, madirisha yako wazi, na sikujali. Alinyoosha mkono akachukua simu yake kwenye kistuli, akaigusagusa kwa vile vidole visivyosikia, akakosea, akarudia. Kisha akaiweka kitandani katikati yetu.

Kelele za wanawake. Kijiko kinagonga glasi. Halafu sauti yangu, kwenye maikrofoni, nene, inajidai.

"Msidanganyike na ufundi wa mwanamume, mabinti! Mimi nimeolewa na fundi. Ziwa zima, kuanzia Ukerewe mpaka Musoma, mashine ikifa anaitwa yeye. Lakini ya kwake nyumbani imezima mwaka wa pili huu, anaitazamaaa, hajui hata pa kuvuta kamba iwake!"

Vicheko. Vigelegele. Mtu anapiga meza. Na mimi, juu ya wote, nacheka.

Naikumbuka siku hiyo. Ilikuwa Mkolani, binti wa mwalimu mwenzangu. Nilikumbuka gauni nililovaa, na jinsi walivyonitunza. Simu zilikuwa kwenye kapu. Zote isipokuwa moja, kumbe. Maneno yale nilikuwa nimeyasahau kabla sijafika nyumbani, kwa sababu kwangu hayakuwa maneno, yalikuwa kazi ya kuchekesha.

"Nani alikupa?" nikauliza.

"Mteja. Mvuvi. Alikuja na mashine yake, akaniwekea hiyo sauti kabla hajashuka kwenye boti, akauliza kama ni kweli." Akazima simu. "Kirumba wote wanayo. Mwezi mzima kila anayepita anaiga kuvuta kamba. Jamaa wa kuchomelea ndiye aliyeniambia twende Dar. Alikaa na mimi hospitali mpaka mwisho, akanikingia hata mkojo."

Nikamkumbuka yule mtu mlangoni kwangu, uso mzito, mikono miwili. Hongera, shemeji. Walikuja kunionyesha kwamba wamemtengeneza, wote kwa pamoja, ili nisiwe na la kusema. Na mimi nilinawa mikono.

Kama angenitukana ningepata pa kushika. Hakunitukana. Alivuta shuka akajifunika kiunoni, akageuka akaniangalia, na swali lake lilikuwa la kweli kabisa, la fundi anayekabidhi kazi na kutaka kujua kama mwenye mali ameridhika.

"Sasa wakikuita tena kwenye kicheni pati," akasema, "utawaambia nini?"

Nilitafuta ile punje chini ya shuka, bila glavu. Nikakibonyeza kile kitufe, nikashikilia, nikahesabu mpaka tano kama nilivyofundishwa. Maji yakarudi yalikotoka. Yeye alikuwa bado ananitazama, anasubiri nimjibu.